Pua ya Kiwanda cha Mzee Yahya

Kamanthe hakuwa na cheti cha kumwonyesha mtu, lakini kwa miaka thelathini na tisa hakuna soda ya Mzee Yahya iliyotoka Machakos bila chupa yake kupita kwanza chini ya pua yake. Kazi yake ilikuwa kunusa chupa. Ukimwambia mtoto wa siku hizi kwamba mama alisomesha watoto wanne kwa kunusa chupa tupu, atacheka. Mwache acheke, akimaliza umweleze.

Soda ya Yahya ilikuwa ya namna mbili, ya ukwaju na ya tangawizi. Ukwaju ulitoka Kithyoko kwa magunia, na maji yalitoka kisima cha palepale kiwandani, nyuma ya msikiti. Chupa zilikuwa za kioo, nene chini, nyembamba shingoni, na jina la Yahya limeinuka kwenye kioo chenyewe, hata kipofu angelisoma kwa kidole. Ukitaka kwenda na soda nyumbani, ulikwenda nayo. Hakuna aliyekudai pesa za rehani ya chupa. Baba yake Yahya ndiye aliyeanza mtindo huo alipokuja kutoka pwani, na mwanawe hakuubadilisha.

"Chupa ni kama mtoto uliyemtuma," Mzee Yahya alikuwa akisema. "Atacheza njiani, lakini jioni atarudi."

Na zilirudi. Matanga yakiisha, akina mama waliokuwa wakiosha vyombo walizikusanya wakazileta kwa mkokoteni. Harusi vilevile. Siku hizo ukipeleka ntheo, wale mbuzi wa kuchumbia, bila kreti mbili za ukwaju kwa shangazi wasiokunywa pombe, mbuzi wako walitazamwa kwa jicho la pembeni.

Lakini chupa iliyocheza njiani haikukaa bure. Ilisimama vizuri hata kwa meza yenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kila nyumba iliipatia kazi. Hawa waliweka asali, hawa samli, hawa ugoro, hawa dawa ya ng'ombe. Na wengi waliweka mafuta ya taa. Sasa, chupa ya asali ukiiosha inasahau. Ya mafuta ya taa haisahau. Iloweke kwa majivu, ichemshe, ianike wiki nzima. Ukishaijaza soda na mtu akaifungua, ile gesi ikipanda inapanda na harufu ya taa. Mteja mmoja akikutana nayo, soko zima litajua kabla ya saa sita.

Kamanthe alifika kiwandani mwaka wa 1984, mwaka wa njaa, akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Alikuja kuomba kazi ya kufagia. Mzee Yahya akamwambia wa kufagia yuko, ila kama ana pua asogee. Akampangia chupa tano mezani.

"Moja ya hizi iliwekwa mafuta ya taa. Imeoshwa mara nne. Ni ipi?"

Kamanthe aliweka mikono nyuma, akainama, akanusa moja moja. Akaonyesha ya pili. "Ni hii. Na hii ya nne iliwekwa ugoro. Na hii ya mwisho..."

"Sema tu, usiogope."

"Hii ya mwisho imetoka kwako nyumbani, Mzee. Iko na mafuta ya nazi, yale mama wa hapa anapaka nywele."

Wafanyakazi waliinamisha vichwa. Fatuma, mke wa Mzee Yahya, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Yahya," akasema, "huyu usimwache aende. Na usimwache anisogelee kama sijaoga."

Ndivyo alivyoajiriwa. Wakampa kigoda karibu na dirisha la mashariki, na pale akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakula kitunguu kabla ya saa nane. Hakujipaka manukato hata siku ya harusi yake mwenyewe. Kila baada ya chupa ishirini alinusa mkunjo wa kiwiko chake, ngozi yake mwenyewe, ndipo pua irudi nyumbani. Chupa nzuri aliisimamisha upande wa kulia. Chupa mbaya aliilaza chini. Na chupa ikilazwa na Kamanthe imelazwa. Mzee Yahya mwenyewe, mwenye mali, hakuwahi kuinyanyua hata moja. Alipokufa, bintiye Ruqaya alishika kiwanda na akaishika heshima hiyo pia.

Kampuni kubwa ya Nairobi haikuja na vita. Ilikuja na friji. Kila mwenye duka alipewa friji mpya ya bure, ya mlango wa kioo, na taa ndani. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba ndani yake kisiingie kinywaji cha mtu mwingine. Soda ya Yahya ikatolewa, ikawekwa juu ya friji, kwenye joto, kati ya mishumaa na viberiti. Watu waliipenda bado. Lakini jua la Machakos unalijua, na mtu mwenye kiu haulizi mapenzi.

Halafu likaja lori la kijani la kampuni, lenye kipaza sauti. Leta chupa mbili tupu za kioo, za soda yoyote, uchukue moja ya plastiki iliyojaa, bure. Lilizunguka mjini, likaenda Kyumbi, likafika mpaka masoko ya Masinga. Liliendelea hivyo miezi minne. Watu walitoa chupa chini ya vitanda na juu ya makabati, wakapanga foleni wakicheka. Chupa za kampuni yenyewe zilikuwemo, ndiyo. Za Yahya zilikuwa nyingi zaidi, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwa watu. Zilipelekwa bohari fulani na huko zikavunjwavunjwa. Hakuna aliyelijua hilo kwa wakati ule.

Ruqaya alianza kuona mkokoteni hauji. Akapiga simu kwa kiwanda cha vioo, wakamwambia watamtengenezea chupa, lakini si chini ya laki tatu kwa mara moja. Angeuza nyumba na bado asizifikie. Na mashine ya Mzee ilijua shingo ya chupa ile peke yake, plastiki ingeiponda.

Wakala wa kampuni kwa upande huu alikuwa kijana mmoja mpole, Njogu. Alikuja siku moja kiwandani akiwa na bahasha ya kampuni, kusema wako tayari kununua ile ploti.

"Dada Ruqaya, mimi nimekua nikikunywa hii ukwaju yenu," akasema. "Siku nilibatizwa kanisani nilikunywa tano, nikatapika kwa shati ya baba."

"Basi mbona unanimaliza, Njogu?"

"Si mimi, dada. Ni kampuni. Mimi niko na tageti tu."

Kamanthe, pale kwenye kigoda, hakuinua kichwa. "Hata kupe yuko na tageti," akasema.

Njogu akacheka, maana alikuwa kijana wa kucheka, lakini bahasha akaiacha mezani.

Matumaini yalitokea Kyumbi. Kulikuwa na supamaketi mpya pale njia panda, na msimamizi wake alikuwa mtu wa Machakos. Alimwambia Ruqaya atampa rafu moja nzima, na sehemu ndani ya friji ya supamaketi yenyewe, ambayo haikuwa ya kampuni yoyote. Alitaka kreti mia moja, Ijumaa ya wiki iliyofuata, bila kupungua. Zikifika zote atatia sahihi mkataba wa mwaka mzima. Zikipungua, rafu kuna mwingine anaisubiri, na Ruqaya hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Zilizokuwa kiwandani zilijaza kreti ishirini na sita.

Basi Ruqaya akaomba. Imamu alitangaza baada ya swala, mapadri na wachungaji wakatangaza Jumapili, redio nayo ikasema: mwenye chupa ya Yahya airudishe, kiwanda kiko taabani. Na Kamanthe akaenda kwake Mutituni mapema siku ile, kwa sababu chini ya kitanda chake alikuwa na kreti mbili kamili, za tangu harusi ya mwanawe Nzomo.

Aliinama, akakuta vumbi lenye alama mbili za mraba.

"Wanza," akamwita mke wa mwanawe. "Chupa zangu ziko wapi?"

Wanza alitoka jikoni akipangusa mikono. "Mama, mwaitu, si nilizipeleka kwa lori? Kitambo. Watoto walikuwa wanalia soda."

"Hukuona jina la Yahya?"

"Hilo jina naona kila siku, mwaitu. Nilidhani ziko nyingi kama mchanga."

Dirishani kulikuwa na chupa za plastiki zilizokatwa katikati, Wanza amepandia miche ya sukuma wiki. Na Kamanthe alikumbuka vizuri Jumapili moja ya miezi ile ya lori. Watoto walimletea kikombe cha soda baridi akiwa amechoka, naye akanywa, akasema ni tamu, akaongezwa. Hakuuliza imetoka wapi. Pua iliyojua nyumba za watu wote wa Machakos haikuuliza kitu ndani ya nyumba yake.

Jumatatu watu walianza kufika. Walikuja na chupa ndani ya magunia, ndani ya vikapu, ndani ya mabegi ya shule. Mwalimu mstaafu alileta arubaini kwa wilibaro. Mzee Kasyoki, mtu wa miaka themanini, alitoka Ekalakala na chupa sita amezifunga kwa shuka, moja moja, kama mayai.

"Nilisikia kwa redio ya jirani," akamwambia Kamanthe. "Mafuta nimemimina kwa debe. Taa itakunywa kwa debe kama ng'ombe."

"Asante, mzee. Umefika mbali."

"Soda ya Yahya ndiyo nilitoa ntheo. Kama si hiyo nisingekuwa na mke wa kunituma huku."

Kufikia Jumatano chupa elfu mbili zilikuwa zimepangwa uani. Muthoka, fundi wa mashine, alizitazama akapiga makofi. Ruqaya alilia mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kulia. Zikaoshwa, zikachemshwa. Kamanthe akavuta kigoda.

Alianza kulaza chupa, akaendelea kulaza. Mara ya kwanza alidhani ni gunia moja baya. Alinusa kiwiko chake, akarudi, ya kwanza taa, ya pili taa, ya tatu asali, ya nne taa. Ilipofika adhuhuri alikuwa ameshaelewa. Chupa zilizokuwa tupu zilikwenda na lori. Zilizobaki manyumbani ni zile zilizokuwa na kazi, na kazi ya chupa katika nyumba nyingi ilikuwa mafuta ya taa. Watu walikuwa wamemwaga mafuta yao ili walete chupa. Mapenzi yote yale, ya kutoka Ekalakala kwa miguu na kwa bodaboda, yalikuja yakinuka taa.

Alhamisi jioni, jua bado liko juu kidogo ya vilima, hesabu ilikuwa hii: kreti thelathini na moja zimesimama. Chupa zaidi ya elfu moja na mia mbili zimelala.

Muthoka alikuna kichwa. "Mama Nzomo, hii ya tangawizi ni kali. Tukiongeza tangawizi itafunika."

"Tangawizi inafunika ulimi, Muthoka. Harufu inapita mlango mwingine."

"Watu wengi hawatajua."

"Wengi, ndiyo."

Ruqaya alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda, kama alivyokuwa akichuchumaa alipokuwa mtoto wa miaka minne akiomba vizibo vya kuchezea. "Mama Nzomo," akasema, "sisemi zile mbaya kabisa. Nasema zile za shaka. Zile unanusa mara mbili. Ziko ngapi?"

"Mia nane, mia tisa."

"Na zile zingine tungepata kwa jirani mpaka kesho. Zisimamishe hizo za shaka. Mara moja tu katika maisha yako. Nikikosa Kyumbi, sina mahali pengine, wewe unajua."

Kamanthe alijua. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe ana miaka sitini na moja, na kwamba hakuna kiwanda kingine katika Kenya nzima kinachotafuta mama wa kunusa chupa. Akizilaza zile, anajilaza na yeye. Na jambo la kreti mbili za Mutituni hakuwa amemwambia mtu tangu Jumapili. Mtu ambaye nyumba yake imeibomoa kazi ya wenzake, ana haki gani ya kukataa?

Alingoja mpaka Muthoka akaondoka kwenda kuzima mashine.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "kiwanda ni chako. Ukitaka kuzisimamisha, zisimamishe kwa mkono wako. Mimi nitaenda nikae pale nje. Sitatazama wala kusema kitu, na kesho sitauliza."

Akainuka, lakini Ruqaya alikuwa ameshachukua moja. Aliinusa. Akafunga macho, akainusa tena.

"Mimi sisikii kitu."

"Najua."

"Kama mimi sisikii, mteja atasikia?"

"Wewe unanusa chupa tupu. Yeye utampa ikiwa na gesi, imekaa juani Kyumbi, na mtoto wake ndiye ataanza kunywa." Kamanthe alivuta pumzi. "Nilisema sitasema kitu. Basi nimesema."

Ruqaya aliishika ile chupa, kidole gumba kikipita juu ya jina la baba yake. Kisha akailaza palepale alipoitoa. Akaenda ofisini akampigia simu msimamizi wa Kyumbi, kumwambia ni kreti hamsini na saba, wala si mia. Msimamizi alisikitika kwa dhati. Alisema hata yeye ana mabosi. Jumatatu iliyofuata rafu ile ilikuwa imejaa soda ya plastiki kutoka juu mpaka chini.

Wako watu mjini, hata leo, wanaosema Kamanthe ndiye aliyefunga kiwanda cha Yahya. Wanasema pua ilikuwa imezeeka ikawa na kiburi. Hao hao ukiwauliza kama wao walipeleka chupa kwa lori, wanageukia habari za mvua. Kamanthe hajibizani nao. Amelifikiria jambo lile akipalilia, amelifikiria akiwa kanisani, na hajaona mahali ambapo angefanya vingine, wala hajaona raha yoyote katika hilo. Kufanya sawa na kupata si ndugu. Wakati mwingine hawajuani kabisa.

Kreti zile hamsini na saba zilijazwa, kwa sababu ukwaju ulikuwa umeshapikwa. Ruqaya akasema zisiuzwe. Jumamosi lango lifunguliwe, na kila aliyeleta chupa aje anywe soda yake palepale, ya ukwaju au ya tangawizi apendavyo, halafu kiwanda kipumzike.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, wakipanga kreti kivulini, Kamanthe alimwambia Ruqaya habari za kitanda chake. Alimwambia yote, na kikombe cha soda pia.

Ruqaya alisimama na kreti mkononi. "Hata kwa kaka yangu Ayub walipeleka," akasema. "Kreti tano. Walinificha wiki mbili. Mkewe alikuwa ananisalimia akiangalia viatu." Akaitua ile kreti. "Tungeanza kugombana, Mama Nzomo, tungegombana na nani tukamwacha nani?"

Watu walikuja kwa mamia. Walisimama uani wakanywa, wakasimuliana matanga na harusi za zamani, nani alitapika, nani alinyimwa mke. Kila mmoja alipofika kwa Kamanthe aliuliza swali moja, na Kamanthe hakuwa amelitazamia.

"Zangu zilipita?"

Za wengine zilipita kweli, akawaambia. Wengine aliwaambia hakumbuki, chupa ni nyingi. Alikuwa akikumbuka. Halafu akaona kofia ya Mzee Kasyoki kwenye lango la mbele. Alikuwa ametoka Ekalakala tena, safari hii na mkewe, bibi mdogo wa mwili aliyeshika mkono wake.

Chupa sita za Kasyoki zilikuwa mbaya kuliko zote. Kamanthe alikuwa amezilaza bila hata kuinama sana.

"Mwaitu, zangu je?" mzee akauliza. "Nimemwambia huyu tumekuja kunywa kwa chupa zetu."

Bibi alimtazama Kamanthe usoni. Mtu ambaye hakumdanganya Mzee Yahya akiwa na njaa, na hakumdanganya Ruqaya siku ambayo uongo ungewaokoa wote wawili, alichagua chupa ya ukwaju iliyo baridi kabisa kwenye karai la maji, akaipangusa kwa khanga, akaizibua.

"Zilipita, mzee. Zote sita."

Kasyoki aliishika, akaigeuzageuza juani. Akampa mkewe aanze. Kisha akaonyesha mkwaruzo mdogo shingoni, mkwaruzo ambao kila chupa ya Yahya ilikuwa nao kwa kukaa kwenye kreti miaka mingi.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Ndiyo hii. Hii ilikuwa inakaa kando ya kitanda."

"Ndiyo hiyo," akasema Kamanthe, akainama kumtolea na yake.